Baridi Haipiti Katikati ya Mlango: Namna ya Kuchagua Fundi wa Mlango wa Garaji Katika Mji wa Barafu



Leo naandika juu ya jambo ambalo hatukulisoma kwenye fakilte: namna ya kuchagua fundi wa kufunga mlango wa garaji katika mji wa baridi kali. Msicheke kwanza. Wengi kati yetu tuko sasa Kanada, na wengine wako njiani. Mimi naishi Winnipeg, mji mkuu wa jimbo la Manitoba. Huku joto la wastani la mwezi wa kwanza ni kama nyuzi 16 chini ya sifuri, na kuna usiku linashuka chini ya 30. Nilikuja na lisansi yangu ya agronomia ndani ya bahasha, lakini kazi ya kwanza iliyonipokea haikuwa ya shamba wala ya maabara. Nilikuwa msaidizi wa mafundi wa milango ya garaji, majira mawili ya baridi mfululizo. Tangu hapo, mtu wa kwetu akinunua nyumba, simu inalia: "Ndugu, mlango umechoka, niite fundi gani?" Mimi sitoi jina la fundi. Ninatoa maswali ya kumuuliza, na sababu ya kila swali.

Na wewe uliyebaki nyumbani, unayeandika TFC juu ya kuhifadhi mavuno, usiache kusoma. Hesabu ya mlango huu inafanana sana na ya mfuko wako wa maharagi.

Garaji ya huku ni kitu gani

Kwetu tukisema garaji tunafikiri makanika, mafuta meusi na gari iliyofunguliwa moteri. Huku garaji ni chumba cha kulaza gari. Mlango wake haufunguki kama mlango wa nyumba. Umekatwa vipande vinne au vitano vya chuma vilivyolala, vimeshikanishwa kwa bawaba, viko na vigurudumu pembeni vinavyopita ndani ya reli, na vyote vinapanda na kwenda kulala chini ya dari. Mlango wa gari mbili kwa kawaida una futi 16 kwa futi 7, yaani kama mita 4.88 kwa 2.13. Hiyo ni zaidi ya mita mraba 10. Hakuna kitu kingine kikubwa hivyo kinachotembea ndani ya nyumba.

Winnipeg iko na garaji za aina mbili. Katika mitaa ya zamani, garaji nyingi zimejengwa peke yake nyuma ya kiwanja, kwenye kichochoro. Katika mitaa mipya, garaji imeshikana na nyumba, na mara nyingine chumba cha watoto kiko juu yake. Tofauti hii ndiyo ya kwanza ya kumwambia fundi. Garaji ya peke yake, isiyo na hita, inayokinga gari na theluji na wezi tu, haina haja ya mlango wa bei kali. Ile iliyoshikana na nyumba, baridi yake inaingia jikoni na chini ya kitanda. Fundi anayekutajia bei kwa simu bila kuuliza garaji yako ni ya namna gani, huyo anauza tu, kazi yenyewe hajaifikiria.

Kwa nini nasisitiza hivi? Juu wengi wetu tunaanza huku na kazi za kulipwa kwa saa. Mlango ukigoma saa kumi na moja ya asubui na gari iko ndani, siku ile hakuna kazi, na siku ile hakuna malipo. Tena mlango mbaya unaweza kuvunja mkono wa mtu. Nitafika hapo.

Namba kubwa kwenye karatasi

Muuzaji yeyote atakuonyesha herufi R. Ndiyo kipimo cha huku cha kuzuia joto: R ikiwa kubwa, joto linatoka polepole. Ndani ya vipande vya chuma kunawekwa povu gumu. Povu la polistireni linatoa karibu R 4 kwa kila inchi ya unene, la poliuretani karibu R 6. Ndiyo sababu unaona milango inatangazwa R 9, R 12, R 16, R 18. Watu wanafikiri kazi yote ni kutafuta namba kubwa, halafu yeyote anaweza kuja kuufunga.

Tufanye TP kidogo. Ndani ya garaji tuweke nyuzi 5 juu ya sifuri, inje nyuzi 30 chini. Tofauti ni nyuzi 35. Mlango wa mita mraba 10.4 wenye R 9 unapoteza karibu wati 230. Wenye R 18 unapoteza karibu wati 115. Kumbe kutoka R 9 mpaka R 18 unaokoa wati 115, karibu balbu mbili za zamani za wati 60.

Sasa chukua mlango ule ule wa R 18, lakini fundi ameufunga vibaya, na chini pamebaki mwanya wa sentimita 1 kwa upana wote. Sentimita 1 mara 488 ni sentimita mraba 488. Ni kama dirisha la sentimita 22 kwa 22 lililo wazi usiku na mchana. Hewa ya inje ikiingia hapo kwa mwendo wa mita 1 kwa sekunde, upepo mwepesi tu, joto la kuipasha hewa hiyo mpaka nyuzi 5 linapita wati 2,000. Hita ndogo ya umeme ya huku ina wati 1,500. Moja haitoshi.

Ndiyo maana nasema baridi haipiti katikati ya mlango, inapita pembeni. Tena ile namba R ya kwenye karatasi mara nyingi ni ya katikati ya kipande, pale povu liko nene. Haihesabu viungo wala mipira ya kuziba. Katikati ya mlango panatoka kiwandani. Pembeni panatengenezwa na fundi, kwako, kwa mkono wake, siku ile moja.

Wanaagronomia mnalijua jambo hili. Mfuko wa PICS uko na tabaka mbili za plastiki ndani ya mfuko wa kawaida. Wadudu wa maharagi wanakosa hewa na kufa bila dawa yoyote. Lakini ukifunga mdomo wa mfuko ovyo, plastiki ile nzuri haisaidii tena: hewa inarudi, na wadudu wanaendelea kula. Mkulima hapotezi mavuno juu ya plastiki nyembamba, anapoteza juu ya fundo.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa fundi ni hili: "Pembeni na chini utafanya nini?" Fundi mzuri hajibu kwanza. Anachukua nivo na kupima betoni. Winnipeg imekaa juu ya udongo wa mfinyanzi ulioachwa na ziwa la zamani, ziwa Agassiz. Ni udongo wa jamii ya vertisoli, ule tuliosoma katika pedolojia: unavimba ukilowa, unapasuka ukikauka. Betoni ya garaji inapanda upande mmoja na kushuka upande mwingine. Mlango ulionyooka juu ya betoni iliyopinda unaacha mwanya. Fundi atakuambia kama mpira mnene wa chini utatosha, ama lazima betoni itengenezwe kwanza. Anayesema "hakuna shida" bila kuinama, muache aende.

Kuna jambo lingine dogo. Chuma kinajikaza kwa baridi. Mlango wa mita 4.88, kutoka nyuzi 30 za kiangazi mpaka 30 chini ya sifuri, unapungua karibu milimita 3.5 kwa upana. Ukifungiwa mlango mwezi wa saba, muulize fundi: "Mpira wa pembeni umeuacha na nafasi gani kwa mwezi wa kwanza?" Mwenye uzoefu atafurahi kuulizwa.

Resori: pale mtu anaweza kuumia

Mlango wa chuma wenye povu unaweza kupita kilo 80. Unawezaje kuuinua kwa mkono mmoja? Juu ya mlango kuna resori, wengine wanasema springi, iliyosokotwa kwa nguvu kwenye bomba la chuma. Mlango ukishuka resori inajikaza, ukipanda inarudisha nguvu ile. Moteri ya umeme inasukuma kidogo tu. Mzigo wenyewe uko kwa resori.

Resori za kawaida zinahesabiwa kwa mizunguko kama 10,000. Kufungua na kufunga ni mzunguko mmoja. Familia inayofungua mara 4 kwa siku inatumia mizunguko 1,460 kwa mwaka, basi resori inafika karibu miaka 7. Familia yetu ya kawaida, baba kazi ya usiku, mama kazi ya asubui, watoto shule, wageni wa Jumapili, inafika mara 8 kwa urahisi. Hapo ni miaka 3 na nusu. Kuna resori za mizunguko 20,000 na zaidi, na nyongeza ya bei yake haifanani na bei ya kuita fundi tena. Muulize: "Resori yako ni ya mizunguko mingapi? Ni moja ama mbili?" Kwa mlango mpana, mbili ni afadhali: moja ikikatika, ya pili inashika sehemu ya uzito.

Uliza tena: "Utaweka resori mpya, ama utabakiza za zamani?" Mlango mpya wenye povu unaweza kuwa na uzito mwingine kabisa kuliko ule wa zamani. Resori lazima ilingane na uzito wa mlango wake. Anayeshusha bei kwa kubakiza resori za zamani, anakuuzia mlango usio na mizani, na moteri yako itakufa mapema.

Baridi inaongeza matata. Chuma kikiwa baridi sana kinavunjika upesi zaidi, na grisi inakuwa nzito. Ndiyo maana simu nyingi za resori zilikuwa zinatufikia asubui za baridi kali. Resori ikikatika inatoa mlio kama risasi. Familia moja ya Kivu Kaskazini ninayoijua ilisikia mlio huo saa nane ya usiku. Baba alikuwa amekwisha kulaza watoto chini, mbali na dirisha, kabla ya kukumbuka yuko nchi gani. Asubui walikuta mlango haupandi. Kama ingekuwa mimi niliyepigiwa simu, ningesema vile nawaambia sasa: usibonyeze moteri tena na tena, usiinue kwa nguvu, na usiguse buloni yoyote ya resori wala ya kebo za pembeni. Nguvu iliyofungwa mle inaweza kurusha chuma usoni. Kazi hii haina kujaribu kwa kuangalia video.

Barafu ya chini na mafuta ya vigurudumu

Gari inaingia na theluji, theluji inayeyuka, maji yanakwenda mpaka kwenye mpira wa chini, usiku yanaganda. Asubui mlango umeshikwa na betoni. Ukibonyeza moteri, inavuta mpaka mpira unapasuka ama moteri inaungua. Fundi mzuri anakuonyesha mapema: fagia maji kabla ya kulala, paka silikoni kwenye mpira, na ukishikwa na barafu, pasha pale chini kwa hewa ya moto polepole. Kwa vigurudumu na bawaba, muulize anatumia mafuta gani. Grisi ya kawaida inakuwa nzito kama ugali uliolala, moteri inafikiri imegonga kitu, na mlango unarudi juu peke yake. Kuna mafuta ya silikoni na mengine yaliyotengenezwa kwa baridi. Fundi asiyejua tofauti hiyo alijifunza kazi kwenye joto.

Kwa wale ambao garaji imeshikana na nyumba, neno moja zaidi: msipashe gari moto ndani ya garaji, hata mlango ukiwa wazi. Monoksidi ya kaboni haina harufu wala rangi, na inapita mpaka vyumbani. Mlango wa kutoka garaji kuingia nyumbani ujifunge wenyewe na uzibe vizuri, na kifaa cha kugundua gazi hiyo kiwe karibu na vyumba vya kulala. Kadiri mlango mkubwa unavyoziba vizuri, ndivyo jambo hili linakuwa la lazima.

Karatasi kabla ya urafiki

Kanada, ufundi wa milango ya garaji hauko kati ya kazi za Red Seal, kama ilivyo kwa fundi umeme. Mtu anaweza kununua ngazi na gari ya mizigo leo, na kesho kujiita fundi. Kwa hiyo karatasi ndizo zinamtambulisha.

Omba devi tatu, za maandishi. Kila devi iseme: aina ya mlango na R yake, resori ni za mizunguko mingapi, mipira ya pembeni na ya chini, reli mpya ama za zamani, nani anabeba mlango wa zamani, na siku ya kazi. Uliza kodi zipi zimeingia katika bei, juu serikali ya Kanada inachukua 5% na Manitoba iko na kodi yake ya 7%. Uliza garanti tatu mbalimbali: ya vipande, ya resori, na ya kazi ya mkono. Watu wengi wanaona "garanti ya maisha" kwenye tangazo, kumbe ni ya vipande tu, na kazi ya mkono ni ya mwaka mmoja.

Uliza bima yake, na uliza barua ya WCB, mfuko wa jimbo unaoshughulikia wafanyakazi walioumia kazini. Mtu akianguka kwenye ngazi ndani ya garaji yako bila bima, matata yanaweza kugonga kwako. Kama kunahitajika prizi mpya ya moteri, iwekwe na fundi umeme mwenye leseni. Usilipe yote mbele. Na muuzaji akikufuata mlangoni na kukusainisha papo hapo, jua kwamba sheria ya Manitoba inakupa siku 10 za kuvunja mkataba wa namna hiyo.

Halafu swali la mwisho, ambalo kwangu ndilo zito: "Mwezi wa kwanza, nyuzi 30 chini, mlango ukigoma asubui, unakuja baada ya saa ngapi, na kwa bei gani?" Jibu liandikwe kwenye devi.

Najua mtakachoniambia. "Lakini kuna ndugu yetu wa kanisa, anafanya kwa nusu ya bei, bila karatasi." Sikatai ndugu yetu apewe kazi. Nimeona ndugu wenye mikono mizuri sana. Lakini mwulize maswali yale yale, kwa heshima ile ile. Kama hana bima, msaidie kuitafuta. Usipomuuliza na mlango ukaharibika, utapoteza mlango na ndugu kwa siku moja. Hapa Saint-Boniface, mtaa wa wanaozungumza Kifaransa, nimeona familia mbili zilizokuwa zinakula pamoja zikaacha kusalimiana juu ya kazi kama hii. Hawakuwa na karatasi ya kusomea nani aliahidi nini.

Kabla ya kutoa pesa ya mwisho

Fanya majaribio manne fundi akiwa bado hapo. Yanachukua dakika kumi.

Kwanza, mchana, funga mlango, zima taa, simama ndani. Pale unapoona mwanga wa jua pembeni ama chini, ndipo baridi itapita.

Pili, mlango ukiwa umefungwa, mwambie fundi atenganishe moteri, kisha auinue kwa mkono mpaka katikati na kuuachia polepole. Mlango wenye mizani unabaki pale. Ukianguka ama ukipanda wenyewe, resori haijarekebishwa.

Tatu, rudisha moteri, weka kipande cha mbao chini, kilicholala, cha unene kama sentimita 4, halafu funga. Mlango ukigusa mbao lazima urudi juu.

Nne, wakati unashuka, pitisha ufagio mbele ya yale macho mawili madogo ya umeme karibu na betoni. Lazima usimame na kurudi. Marekani sheria inalazimisha ulinzi huu kwa moteri za nyumbani tangu 1993, na ni juu ya watoto waliokandamizwa na milango. Fundi akisema "macho tumeyafunga juu ya dari ili yasisumbue", usilipe mpaka ayashushe.

Kama una nafasi ya kuchagua wakati, ita mafundi kati ya mwezi wa sita na wa tisa. Hawana haraka, gundi na mipira vinashika vizuri, na uko na wiki za kusubiri kama kipande kimekosekana. Mwezi wa kumi na mbili utachukua yeyote anayepatikana, kwa bei anayotaka. Hata mkulima wa kwetu anatengeneza ghala kabla ya mavuno.